Waya Wenye Plagi Mbili

3 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi cha vumbi la kambi yenu ya kazi kimekuachia. Sisi hatujambo kidogo, mgonjwa wetu ni yule yule. Mapafu ya Mama hayajapona. Daktari ametupa mashine ya kumpa hewa, mpira wake unaingia puani, naye anaipenda kuliko anavyonipenda mimi. Anasema inanguruma kama wewe ukilala.

Tatizo ni umeme. Tangu mvua zianze unakatika kutwa nzima. Baba Mdogo ametuletea jenereta, imekaa ukumbini kama mgeni asiyeaga. Anasema kazi ni rahisi: waya mmoja wenye plagi kila upande, huku jenereta, huku soketi ya ukutani, nyumba yote inawaka. Waya ameshautengeneza. Nimemwambia mwenye ufundi ni Baba, tumsubiri. Kwa kuwa simu huko haishiki, barua hii nampa dereva wa lori. Nijibu upesi.

Mwanao, Kitindamimba

19 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo, naandika nimesimama, dereva anapiga honi. Mwambie Mama mimi sikoromi.

Huo waya ukate vipande. Ukiuchomeka ukutani, umeme hauishii nyumbani kwetu. Unatoka kupitia mita, unarudi kwenye transfoma, unapata nguvu maradufu na maradufu tena, unapanda nguzoni. Na nguzoni yupo mtu anayeamini laini imezimwa.

Fanya hivi. Jenereta itoke nje, mbali na madirisha, moshi wake unaua kimyakimya. Pigilia nondo ya shaba ardhini, ndefu kuliko wewe, pale kwenye unyevu karibu na bomba la kufulia, uiunge kwa waya wa kijani hadi skrubu ya ethi, ile ya kuunga na ardhi, kwenye fremu ya jenereta. Hiyo ndiyo njia ya umeme uliopotea. Usipoupa njia, utapita kwako. Mashine ya Mama ichomeke kwenye jenereta yenyewe kwa waya mnene, isiguse ukuta. Nyumba isubiri fundi afunge swichi ya kubadilishia, ili umeme wa nguzoni na wa jenereta usikutane kamwe. Baba Mdogo akinuna, anune.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijui nikujulie hali kwa mdomo gani.

Jumanne iliyopita umeme ulikatika asubuhi. Saa nane mchana midomo ya Mama ilikuwa ya bluu. Jibu lako halijafika hadi leo, na Baba Mdogo alikuwa kazini. Ule waya niliuchomeka mwenyewe. Taa zikawaka, Mama akavuta pumzi, akanishika mkono. Nilicheka, Baba.

Kisha nikasikia kelele mtaani. Yule fundi wa nguzo tuliyemwita Ngazi kwa urefu wake, aliyekuwa akija kusoma mita na kumwita Mama "shangazi", alikuwa juu ya nguzo ya kona ya pili akiunga waya uliokatika. Walimshusha kwa kamba. Ameacha mke mjamzito.

Kazini kwao wanasema aliyewasha laini ni mwenzake wa chumba cha swichi. Wamemkamata. Waya nimeuficha chini ya godoro. Mtaa mzima ulisikia jenereta yetu, lakini hakuna aliyeshtuka. Niambie nifanye nini.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako nimeisoma mara tatu, nimekalia ndoo karakanani. Mwenzangu ameniuliza, "Kwema nyumbani?" Nikasema kwema.

Ningekuwapo, ingekuwa kazi ya nusu saa. Miaka thelathini nawafungia umeme watu nisiowajua.

Kosa si lako peke yako. Lakini mtu asiye na hatia yuko ndani kwa ajili yetu. Chukua waya, nenda polisi na Baba Mdogo. Nimeomba ruhusa, msimamizi amesema mpaka mwezi wa sita. Mama usimwambie.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe u mzima. Naandikia mahabusu, askari wa kike amenipa karatasi.

Nilikwenda siku ile ile barua yako ilipofika. Mwenzake Ngazi wamemtoa. Tulipishana mlangoni, hakunitazama.

Mama hakuhitaji kuambiwa. Polisi walinirudisha nyumbani kuchukua jenereta, akaona. Akauliza, "Ni siku ile nilipopata nafuu?" Nikasema ndiyo, Mama. Akavua mpira puani, akaukunja vizuri kama nguo, akaniwekea mkononi. Umeme ulikuwapo, Baba, mashine ilikuwa inafanya kazi. Baba Mdogo alimvisha tena, akauvua. Jirani akamvisha, akauvua. Aliishi siku nne tu.

Nilipewa saa moja ya kumzika, askari pembeni.

Ruhusa usiombe tena. Nyumba imefungwa, funguo anazo Baba Mdogo.

Mwanao