Namba Mbili Kulia, Tatu Kushoto

Chumba namba 6,
Nyumba ya ghorofa, nyuma ya gereji ya baiskeli.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi mahali pazuri, na goti lako limekuacha upumue kidogo. Ile dawa ya kuchua imesaidia? Na kikohozi cha mjukuu kimekwisha? Huku tu wazima. Bomba la ghorofani limetengenezwa hatimaye, na kaka yako anakula vizuri kuliko mwezi uliopita.

Barua yako ya tarehe 30 Mei niliipata, nikamsomea baba yote bila kuruka mstari. Umerudia uliyosema mwaka mzima, kwamba macho yake hayafai tena kushona, na kwamba mwisho wa mwezi huu binamu atakuja kumchukua akaishi kwako, na cherehani apewe yule binti wa jirani yako anayejifunza kushona. Baba alisikiliza akiwa ameshika mkasi, kisha akauliza ni nani aliyekupa habari za suruali ya mlinzi. Ilibidi nikiri. Ni kweli aliishona mguu mmoja nje, mmoja ndani, na mlinzi wa watu akaivaa kazini siku nzima kwa heshima tu. Lakini nilikuandikia ili tucheke, Shangazi. Sikujua kwamba namkatia mzee tiketi ya safari.

Nilimpeleka kliniki ya macho. Daktari alisema macho ni mazima, hayana mtoto wa jicho; ni uzee tu, na kila jicho limezeeka kivyake. Akaandika kwenye karatasi: kulia namba mbili, kushoto namba tatu. Miwani ya namba mbili tofauti huagizwa, tusubiri miezi minne. Wewe umetupa hadi mwisho wa mwezi.

Sasa nikueleze ya Alhamisi, na nimefungua daftari langu hapa nisikosee. Kila Alhamisi baba huenda soko la mitumba, lile kubwa, kutafuta vifungo na zipu. Hununua makoti yaliyochakaa ambayo hakuna anayeyataka, anayachuna kama kuku, mabaki yanakuwa matambara ya deki. Siku hizi namfuata, kwa sababu wiki mbili zilizopita alirudi na vifungo vya kahawia akiapa kuwa ni vyeusi.

Soko lile ningeweza kulitembea mwezi mzima nisichoke. Ukiingia unapita kwenye viatu, vimeoshwa na kupakwa rangi hadi vinajiona vipya. Halafu marobota yanafunguliwa, watu wanayavamia kama maharusi wametupa peremende. Niliona mtu mzima akijaribu koti la manyoya juani, jasho linamtiririka, anauliza kama lina mfuko wa ndani. Baba hutia mkono katika kila mfuko kabla hajanunua. Alhamisi alitoa tiketi ya treni yenye maandishi ambayo hata mimi sikuyajua, nikabaki nayo mkononi nikijiuliza mwenyewe alifika alikokuwa anakwenda au la.

Baada ya mabegi kuna mzee ametandika shuka chini na kupanga miwani ya mtumba. Wanamwita Daktari. Hajui namba hata moja. Ameipanga kwa umri. Fungu la miaka arobaini, la hamsini, la sitini, na la mwisho la wale anaowaita wastaafu. Alipomuuliza baba umri, kaka yako mwenye miaka sitini na minane akajibu hamsini na tano bila kupepesa. Daktari akamtazama, akamtazama, kisha akampa ya fungu la sitini, akasema wateja wake wote huwa na hamsini na tano.

Halafu akampa kile kikaratasi kinachokaa ndani ya boksi la dawa, asome. Baba akakikataa. Alisema yeye hali kwa kusoma, anakula kwa kushona, na akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati na uzi mfukoni. Akajaribu miwani ya kwanza, uzi ukapita pembeni. Ya pili, pembeni. Nilikuwa naandika katika daftari: ya kumi na moja, pembeni. Watu wakaanza kusimama kutazama. Baba akaanza kunyakua nyingine kabla hajavua iliyo puani, Shangazi. Alikuwa anahesabu siku kama mimi.

Nikamuuliza Daktari kama hakuna njia ya kujua nguvu ya kioo. Akasema yeye hukiinua juani. Kile chenye nguvu huleta nukta ya mwanga karibu, kile dhaifu huipeleka mbali. Hapo nikasimama kama niliyeitwa jina. Kidato cha tatu tulifanya jambo hilohilo darasani: nukta ikiwa ndogo kabisa, pima umbali kwa sentimita, gawanya mia moja kwa huo umbali, unapata namba. Sikuwahi kufikiri kwamba somo lile lingenifaa kwa chochote.

Ilikuwa saa sita, jua liko utosini. Kipimo tulikuwa nacho, kwa maana baba hatoki nyumbani bila futi yake ya ushonaji shingoni. Nikachuchumaa na karatasi chini, Daktari akashika kioo juu, baba akanyoosha futi katikati na kunionesha mahali kwa kidole nisome mimi, kwa kuwa yeye tarakimu hazioni. Mama muuza mabegi akatuuliza tunapima miwani au tunalishonea jua kanzu.

Tulipima ishirini na tatu. Namba mbili inatakiwa sentimita hamsini, nikaipata katika fremu moja ya kahawia. Namba tatu ni thelathini na tatu, nayo ilikuwa katika fremu ya duara ya dhahabu. Vioo haviwezi kubadilishana nyumba. Nikaona imekwisha. Lakini sasa Daktari naye alikuwa amenogewa. Akamwaga gunia lake zima kutafuta fremu za kahawia zilizotoka kiwanda kimoja. Ya kwanza ilitoa arobaini. Ya pili ikatoa thelathini na tatu na nusu. Akalegeza skrubu ndogo kwa ncha ya kisu, akahamisha kioo cha kushoto, akakifuta kwa shati lake, akamvika baba.

Baba hakuchukua sindano kwanza. Alinitazama mimi niliyekuwa nimeinama mbele yake.

"Karani," akasema (ndilo jina analoniita kwa sababu ya daftari), "mvi hizi zimeanza lini?"

Kisha akachukua uzi, akaupitisha tunduni mara moja. Akauchomoa, akaupitisha tena. Mama wa mabegi akamwambia mara moja ilitosha, sisi sote ni mashahidi.

Ya daktari wa kliniki bado tutaisubiri. Hii ni ya kuvukia tu, na jioni nampumzisha.

Ila lazima nikuandikie yaliyotokea Ijumaa, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Baba alizitandaza kitandani nguo zote zilizokuwa zinangoja wenyewe, nane, akazipitia mshono kwa mshono. Tano akazitenga. Halafu akaanza kuzifumua moja moja, na mchana akaenda mwenyewe kwa mlinzi kuiomba ile suruali. Aliporudi akaniambia nikuandikie, na haya ni maneno yake:

"Mwambie dada kwamba mwaka mzima alikuwa anasema kweli. Halafu mwambie kuwa tangu Alhamisi si kweli tena."

Kwa hiyo, Shangazi, nakuomba kwa magoti. Binamu asizuiwe kuja. Ila asije na kamba za kufungia cherehani. Aje na mita tatu za kitambaa, rangi yoyote, hata nyeusi. Mjomba wake anataka kumpima.

Msalimie sana binamu na mkewe, mjukuu mwenye kikohozi, na yule binti anayejifunza kushona. Mwambie asikate tamaa. Baba anakupa mkono. Mungu akuwekee afya, akulainishie goti, na akuoneshe mema mengi kwa macho yako mwenyewe.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Karani