Jina Chini ya Picha

Walthamstow, Februari 1969

Shangazi Nurjehan,

Shikamoo. Rambirambi zako za msiba wa baba zimefika. Huku baridi kali, mama anashona mapazia ya watu, nami nimefaulu Kifaransa.

Uliuliza kaka yako alikuwa akichora nini. Jana alikuja Mzungu mwenye duka la vitabu. Alisema miaka yote baba alimchorea mabibi wenye buti ndefu za kamba, kwa majarida ya aibu yanayouzwa kwa kificho, wala hakuwahi kutia sahihi. Sasa alitaka jina lake kamili, aliandike chini ya picha zilizobaki.

Mama hajui Kiingereza sawasawa, mimi ndiye mkalimani wake.

"Mwambie amekosea nyumba," alisema.

Nikamwambia. Mzungu akachukua kofia yake.

"Samahani," akasema. "Ila hakuna aliyechora kamba za viatu kama yule bwana."

Nikamfasiria mama hayo pia. Mzungu alipofika mlangoni, mama akamfuata, akamtajia jina la baba kwa Kiingereza chake kibovu, herufi moja moja, mpaka akahakikisha limeandikwa sawa.

Hatukulia. Tafadhali usimweleze bibi, ila wewe ujue.

Mtoto wa kaka yako,
Lila Zulfikar