Boroni Aliyenywea

Jumatano, 4 Juni

Dada kaniamsha na habari za keki. Yeye ni mwokaji, keki za harusi ndizo zinazomweka mjini, na sasa kaamua: Jumanne nikitetea tasnifu, keki yangu iwe na molekuli ya utafiti wangu juu yake. Molekuli! Mtu aliyeikimbia kemia kidato cha pili. Anataka mchoro mkubwa wa rangi – nitrojeni bluu, boroni waridi, hidrojeni nyeupe. Nimekubali, ilimradi aniache ninywe chai.

Keki ni ya watu wawili. Asubuhi natetea mimi, mchana anaagwa Mwalimu, msimamizi wangu, anayestaafu. Wanafunzi tunamwita Mzee Boroni. Kwa siri, ingawa nadhani anajua. Picha ya fuwele yake, ya molekuli hiyo hiyo, imetundikwa kwenye korido ya idara, ndani ya fremu, utadhani bibi harusi.

Alhamisi, 5 Juni

Mungu wangu.

Nilikuwa nachora keki tu! Nikafungua vipimo vya zamani vya Mwalimu, vya eksirei, nikaikuza molekuli ijae skrini. Boroni amenywea. Nitrojeni amevimba kama shavu lenye jino bovu. Kila atomi huchorwa kwa jinsi inavyotikisika, na majirani kama hawa walitakiwa kukaribiana kwa ukubwa. Wakipishana hivi, mara nyingi majina yamewekwa siyo. Eksirei inaona elektroni tu, na hawa wawili wanapishana elektroni mbili. Ni rahisi kuwachanganya.

Nikawabadilishia viti. Kwa mchezo tu, jamani! Kosa la hesabu likashuka hadi nusu.

Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa tena. Nimefunga kompyuta kama niliyeona nyoka ndani.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepima fuwele yangu mwenyewe, mpya, kwenye baridi kali ili atomi zitulie. Nilikuwa naomba Mungu nionekane mjinga. Jibu ni lile lile.

Hebu nijiandikie polepole, huenda nikaamini. Hidrojeni iliyokaa kwa nitrojeni ina chanya kidogo. Iliyokaa kwa boroni ina hasi kidogo. Ndiyo maana hidrojeni na hidrojeni, ambazo kwa kawaida hazisalimiani, hapa zinashikana mikono, molekuli hii na ile, na kitu ambacho kingekuwa gesi kinatulia chupani, unga mweupe. Hilo bado ni kweli. Kinachoanguka ni nani anayenyoosha mkono. Mwalimu alisema wa boroni ndio unaokuja umenyooka, wa nitrojeni ndio unaopinda. Dai hilo ndilo lililompa jina. Sura zangu tatu zimejengwa juu yake.

Kumbe kinyume. Kinyume kabisa!

Nikinyamaza, Jumanne naitwa daktari. Nikisema, sina tasnifu, na yeye anaagwa kwa aibu. Yeye! Aliyenipokea wakati kila maabara ilinifungia mlango. Nimekosa hata machozi.

Jumapili, 8 Juni

Dada kaona sili. "Una mimba?" Nimecheka mpaka nikalia, nikamweleza yote kwa mayai mawili na viberiti. Kauliza kosa ni la nani. Nikasema Mwalimu alikosea, mimi nikajenga bila kugonga ukuta. Akasema basi nimwambie, mficha maradhi kifo humuumbua. Kisha, bila hata kupumua: "Ila rangi nizijue kesho jioni. Krimu haisubiri mtu."

Huyu dada huyu!

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwambia.

Ofisi yake nusu imeshaingia kwenye maboksi. Niliweka kompyuta juu ya boksi moja, nikamwonyesha wote wawili, yule aliyenywea na yule aliyevimba, halafu nikawabadilisha mbele yake. Sikumtazama usoni. Nilitegemea afoke. Hakufoka. Akasema aliuona ule uvimbe tangu siku aliyopima. Aliuona! Akasingizia joto la chumba, mashine ya baridi ilikuwa mbovu siku nyingi. Kasema mkono wa boroni ulikuwa umenyooka vizuri sana, hakutaka kuugusa tena.

Mimi niliyeingia pale nikimwonea huruma!

Akavaa koti, akatoka. Mlango kauacha wazi, maboksi kayaacha wazi.

Jioni

Yupo hapa! Nyumbani kwetu! Hajawahi hata kuijua njia. Kabisha hodi, Dada kamkaribisha jikoni kama mjomba, kampa kiti pekee chenye miguu mizima. Mwalimu kaomba tasnifu yangu. Nimekimbilia chumbani kuichukua na nimekwama hapa, naandika. Mlango uko wazi kidogo. Nawaona.

Dada: "Mwalimu, keki ni yenu wote wawili. Bluu iende upande gani, wa mkono ulionyooka au uliopinda?"

Dada! Na anajua kila kitu! Ningeweza kuzama ardhini.

Mwalimu anatazama mchoro wangu uliobandikwa kwenye friji, ule wa zamani, wa makosa. Kauliza watahini wataiona keki saa ngapi. Dada kasema wakiingia tu, itakuwa mezani mbele yao, kabla halijasemwa neno.

Anavua miwani. Anaifuta kwa shati. Anaivaa. Dada kamshikisha mfuko wa krimu ya bluu, yeye mwenyewe kashika wa waridi, anasubiri kama muuguzi.

Kabandua mchoro kwenye friji. Kaukunja, kautia mfukoni. Kainama juu ya keki, krimu inakaribia kudondoka –

Ananiita.

"Mwanangu, njoo. Uniambie naanzia wapi."

Sura tatu ziko mkononi mwangu. Kesho asubuhi natakiwa nizitetee. Nakuja, Mwalimu, nak