Mashine Iliponyamaza Sebuleni Kwangu

Alhamisi, Korogwe. Asubuhi mvua, mchana jua, na nguo zangu zimekauka. Leo nina furaha ya kijinga, shajara yangu, nivumilie.

Jumamosi tunaonyesha filamu yetu fupi ukumbini. Mimi ndiye mtu wa sauti. Dakika mbili za mwanzo, mwanamke anatembea peke yake katikati ya mkonge, na watazamaji wanatakiwa waogope kabla hawajaona chochote. Wasipoogopa hapo, watatoa simu zao, na kazi yetu ya mwaka mzima itakuwa imekwisha.

Nakiri, wiki nzima nilikuwa naharibu. Niliweka ngoma nzito, nikaongeza upepo, bundi, na mlango unaolia.

Mlango, katikati ya shamba la mkonge.

Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lenyewe lilikuwa mimi. Jana alikuja Mama mdogo kutoka Ngombezi, ambako mumewe anafanya kazi kwenye mashine ya kusindika mkonge. Nikamsikilizisha. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza ni harusi ya nani.

Nilicheka, lakini iliniuma. Leo asubuhi nikafuta vyote. Nikabakisha hatua za yule mwanamke na mngurumo wa mashine ya mkonge, niliourekodi siku nilipomtembelea Mama mdogo. Nikauacha uende chini chini mpaka mimi mwenyewe nikausahau. Halafu nikaukata ghafla, hatua zikabaki peke yake.

Nikaicheza bila kumwambia Mama mdogo, aliyelala kwangu. Alikuwa mkekani anachambua mchele kwenye ungo, spika inanguruma pembeni, wala hana habari. Kule kwao kwenye nyumba za wafanyakazi hakuna anayeusikia mngurumo huo. Wanachosikia ni ukikatika kabla ya saa ya kutoka kazini. Mara nyingi ni mkanda wa mashine tu umekatika, lakini wanawake wote hutoka milangoni, maana kila mmoja ana mtu wake kule ndani.

Mngurumo ulipokatika, Mama mdogo alisimama na mchele ukamwagika. Akaenda moja kwa moja mlangoni, akachungulia nje, kwenye mtaa wa mjini usio na kiwanda chochote.

Nilijua nimepata. Papo hapo nikaona aibu.

Alipogundua, alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema ukubwa wangu haujanisaidia kitu. Hata hivyo alimpigia simu Baba mdogo kumuuliza kama amekula. Baba mdogo alishangaa, maana ilikuwa saa nne asubuhi.

Nikamwambia nitaitoa, kwa kuwa Jumamosi nusu ya ukumbi watakuwa wanawake wa Ngombezi. Aliokota kwanza mchele wake.

"Usiitoe," akasema. "Ila mwanangu, kabla hatujaondoka ukumbini, uiwashe tena."

Basi jioni hii ndiyo kazi niliyofanya. Hadithi inakwisha, kioo kinakuwa cheusi, majina yetu yanaanza kupita, na taratibu mashine inarudi kunguruma. Nimeisikiliza mara tatu, na mara zote tatu nimeshusha pumzi kama vile nami nina mtu kule ndani.

Sasa najiuliza: Jumamosi nitaweza kweli kukaa kitini, au mimi ndiye nitakayesimama mlangoni?