Tumbawe Zima la Mlingotini

Jumatatu, 20 Agosti 1956

Tumevunja matumbawe ya kuchoma chokaa mpaka adhuhuri. Macho yanawasha. Mzungu mpima bahari amekuja tena tanuruni. Sasa anataka tumbawe moja zima, lile lililo nje ya Mlingotini, kubwa kama ndama aliyelala. Anasema tumbawe huongeza tabaka kila mwaka. Kwa matabaka hayo atajua bahari ilikuwa na joto kiasi gani zamani, na kama joto linazidi. Bahari ikipoa, anasema, mvua za bara nazo hupungua.

Nikaweka nyundo chini. Kwetu Ugogo baba alitunza mawe ya kuombea mvua. Mwaka wa njaa walisema ameifunga mvua. Wakatuchomea nyumba. Alifia ugenini na jina baya. Nikamuuliza bwana kama mwaka ule umo ndani ya tumbawe. Umo, akasema, likitoka bila ufa.

Jumatano, 22 Agosti

Bamvua. Maji yamekupwa sana. Tumeling'oa kwa mitaimbo, tukalifunga mapipa matupu ili maji yakijaa yalinyanyue. Siwezi kuogelea. Shomari, kiongozi wetu, mwenyeji wa hapa, akanicheka: "We Mgogo, ukizama tukutafute kwa mbwa, kama mnavyowinda kwenu?"

Kamba ikakatika. Tumbawe likalala mchangani. Msimamizi wa tanuru kasema kesho ndiyo mwisho. Likishindikana, analipasua, linachomwa.

Nina hasira. Sikula.

Alhamisi, 23 Agosti

Limetoka!

Kamba ya upande wangu ililegea. Nikaikumbatia, maji kidevuni, nikimeza chumvi. Shomari akapiga kelele: "Shika, baba! Shika, usiliachie!" Safari hii hakucheka. Mapipa yakapanda, tumbawe likaning'inia chini yake, tukalivuta kama ng'ombe anayevushwa mto. Halina hata ufa. Niliimba Kigogo ufukweni na wote wakaitikia, maneno hawayajui. Mikono imechubuka yote. Sijawahi kufurahi hivi tangu nitoke kwetu.

Jumanne, 28 Agosti

Msumeno umemaliza kulikata tumbawe. Bwana amelilowesha, akahesabu matabaka kurudi nyuma mpaka mwaka nilioutaja. Tabaka lake ni jembamba kuliko yote yaliyo karibu yake; baridi hulidumaza tumbawe. Mwaka ule bahari ilipoa, akasema, huku pwani kote.

Nikaligusa. Baridi, laini.

Baba hakuifunga mvua.

Wazee waliomfukuza wangali hai. Nitawaambia hivyo nikiwa nimesimama mbele yao.