Mlango wa Kifaransa Ukumbini Kwetu

Baba Salma, mume wangu,

Leo amekuja tena yule bibi anayepamba nyumba za watu, anautaka mlango wako. Nimemtilia chai, akaiacha ikapoa, yeye anaupapasa mlango tu. Anasema ataupeleka kwenye nyumba mpya ya vioo, autie miguu, uwe meza ya kulia.

Nikakukumbuka. Miaka yote ile ulikuwa kwenye yadi ya vitu vya kale, unashusha milango, madirisha na meko ya marumaru ya kuotea moto kutoka majumba ya Ufaransa yaliyovunjwa, kisha unakwenda kuvipachika kwa matajiri wenye kuta nyeupe tupu. Ukirudi nyumbani, hapa Edmonton, nyusi zimejaa vumbi la rangi kuukuu, unanihadithia meko yaliyowekwa mahali pasipo na bomba la moshi, wenyewe wanapanga mishumaa ndani. Tukicheka. Lakini mlango kugeuzwa meza hukuweza kuucheka. "Mama Salma, mlango haulazwi," uliniambia. "Mlango husimama, wakapita watu."

Ndipo siku moja ukaja na huu, wewe na wenzako wawili, mmeubeba kwa ngazi maana kwenye lifti haukuingia. Mbao nene za mwaloni, na vyuma vilivyopindwa vikawa maua. Nikakuuliza unauweka wapi na dari yenyewe inaugusa. Ukasema ni wa nyumba tutakayojenga Unguja tukirudi, badala ya ule wa nakshi wa kwa baba yako, tuliouacha tulipokimbia baada ya mapinduzi. Nikakutania kwamba majirani watasema tumeoa Ufaransa. Ukauegemeza ukumbini, na kila Ramadhani ikikaribia ukaupaka mafuta.

Tangu hapo humu ndani tunapita kiubavu. Salma amekua akipita kiubavu na mkoba wake wa skuli. Hata watu wa ambulensi, siku ile ulipozidiwa, machela yao haikupita; walikukalisha kwenye kiti ndipo wakakutoa.

Nimechoka, Baba Salma. Magoti yamenishinda, na mkongojo wangu unaugonga mlango kila nikienda msalani. Nilimuuliza Salma kama yeye atajenga kule Unguja. Akanijibu kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba kwao ni hapa. Sikumlaumu, hapa ndipo alipozaliwa.

Yule bibi alipouliza mara ya mwisho, maneno yako yalinifika mdomoni, nikayameza. Nikamwambia auchukue Jumatatu. Akataka kujua kwa nini tuliuweka muda wote huo bila ya kuutumia. Nikamwambia ulikuwa wa nyumba yetu, lakini mume wangu amezikwa huku, na mimi nitazikwa karibu naye, hatujengi tena.

Nilikuwa nalijua hilo tangu zamani. Leo ndiyo mara ya kwanza kulisema kwa sauti, na nimelisema mbele ya mgeni.

Pumzika, mume wangu. Mimi nipo, nakuombea.

Mkeo,
Mama Salma