Anayeamkiwa Migombani

Mfaranyaki,
Songea.
14 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Walburga,

Shikamoo. Sasa hivi mjukuu wako Leticia amegeukia ile migomba ya nyuma ya nyumba, kainamisha kichwa, kasema "shikamoo", akangoja, halafu akacheka kama aliyeitikiwa. Hapakuwa na mtu.

Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Huko Namasakata mmeshavuna? Sisi wazima. Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika.

Tuna wapangaji watatu, watafiti. Kajetani anapima maji ya chini ya ardhi, Tabu anarekodi watoto wanaoanza kuongea, mzee Saleh anakusanya habari za mitaa ya zamani. Mwezi mzima nilimpelekea kila mmoja sahani chumbani kwake, nikidhani ndiyo heshima ya msomi.

Jumapili jirani aliazima sahani zetu kwa sherehe ya kipaimara, basi nikawapakulia wote sinia moja, ugali na dagaa wa Nyasa, uani. Leticia akaamkia migomba mbele yao. Tabu akasema watoto wanne wa mtaa huu wanaamkia hapohapo, alidhani wanaigana. Kajetani akaacha tonge. Kipimo chake kilionyesha uwazi chini ya pale, akadhani kimeharibika. Saleh naye anatafuta kisima cha zamani kilichofunikwa kwa mbao, ila hajui kiko wapi.

"Mzee, mwezi mzima tunalala ukuta kwa ukuta, hukusema!" Tabu akamwambia.

"Uliniomba chumvi tu, binti yangu."

Shangazi, mwanangu alikuwa anachezea juu ya mbao zilizooza! Tumezungushia miti na kamba, lakini haachi kuamkia.

Sasa wanakula pamoja kila siku, daftari zao meza moja, mimi naongeza chai na kusikiliza. Nina matumaini watatuondolea hofu hii. Wanataka kufukua, ila wamekubali kukungoja wewe uliyekulia hapa. Mpe majibu dereva wa basi atakayekuletea barua hii: mdomo wa kisima ulikuwa mpana kiasi gani? Na kwa nini mlikifunika?

Edwin anakuamkia. Nisalimie Odilia na Fransisko. Mungu akutunze, akuinue na hayo magoti.

Wako akupendaye,
Fortunata (Mama Leticia)

Kabla sijafunga bahasha: Tabu ananiita. Amesikiliza alichorekodi asubuhi pale kwenye kamba, anataka nikamtafsirie Kingoni. Leticia hajui Kingoni, Shangazi. Tabu anasema baada ya ile shikamoo kuna sauti nyingine inayoitikia.